Kitako Kwanza, Kiyoyozi Baadaye

Mtu wa pwani anayekusudia kuweka kiyoyozi nyumbani mwake hupima mambo mengi kabla ya kufungua mkoba: huuliza nguvu ya mashine, huuliza ulaji wake wa umeme, hulinganisha bei ya duka hili na ya duka lile, husikiliza ni jina gani linasifiwa na jina gani linalaumiwa, na akisha kuridhika hulipa fedha nyingi kwa moyo mkunjufu. Neno moja tu hupita bila ya kuulizwa, nalo ni mahali ambapo kile kisanduku cha nje, chenye kompresa na feni, kitakalishwa. Hilo huachiwa fundi, na fundi huliamua kwa dakika chache, siku ile ile ya kufunga, jua likiwa la utosi, kwa kutazama kilicho karibu na mkono wake: tofali lililobaki ujenzi, kipande cha ukuta kilicho wazi, au ardhi tupu. Rai yangu ni kwamba mpango huu umepinduka juu chini, na kwamba kitako cha kiyoyozi kinastahili kuamuliwa na mwenye nyumba mwenyewe, kabla ya mashine kununuliwa, na kutajwa katika mapatano ya bei kama inavyotajwa mashine yenyewe.

Sababu ya kwanza haihitaji elimu ya ufundi. Kiyoyozi ni bidhaa ya kiwandani: kompresa yake imefungwa na kujaribiwa mbali na hapa, mapezi yake ya alumini yamepangwa kwa mashine, na gesi yake imetiwa kwa kipimo cha gramu. Kila kiungo hutufikia kikiwa kamili, kikiambatana na hati ya dhamana, isipokuwa kiungo kimoja ambacho hakuna kiwanda kiwezacho kukitia katika boksi, kwa kuwa kiwanda hakijui ardhi ya Mbagala ina mchanga kiasi gani, wala mvua ya Tanga hushuka kwa kishindo gani. Kiungo hicho ni kitako. Ndiyo sehemu pekee ya mashine nzima iliyoachwa katika mikono yetu, na ajabu ni kwamba hiyo pekee ndiyo tunayoitendea kwa ajizi. Mashine ikifa kabla ya umri wake tunakilaumu kiwanda, tunaulaumu umeme, tunamlaumu fundi, na tofali lililozama upande mmoja halitajwi na mtu.

Haja ya kitako hutokana na kazi ya kisanduku chenyewe. Kile kinachotundikwa chumbani hupuliza ubaridi tu; kazi nzito hufanyika nje, ambako kompresa huikandamiza gesi mpaka ikawa moto, na feni ikaupuliza moto huo uende zake, ili gesi irudi ndani kuchukua joto jingine. Kompresa ya kawaida, kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka kwa kasi inayokaribia mara 3,000 kwa dakika, na kila mzunguko hutoa mtetemo ambao hauna budi kutafuta pa kwenda. Mashine ya BTU 12,000, ambayo aghalabu ndiyo hufungwa vyumbani, kisanduku chake cha nje huwa na kilo 30 hivi. Si mzigo wa kutisha, na kijana mmoja hodari huubeba begani. Lakini uzito mdogo unaotetemeka usiku kucha kwa miaka kadhaa huweza kufanya yale ambayo uzito mkubwa uliotulia haufanyi. Ukikaa juu ya kitu kizito, kipana na kilicho sawa, mtetemo humezwa hapo hapo. Ukikosa kitu hicho, husafiri katika mabomba ya shaba, na shaba, kwa upole wake wote, ni madini yanayochoka: ikipindwa kidogo kidogo mara nyingi mno, hupasuka.

Msomaji anayetaka ushahidi wa jambo hili hahitaji kusafiri. Katika mitaa mingi ya miji yetu ya pwani ataona kisanduku kilichokalishwa juu ya matofali mawili, moja kila upande, juu ya mchanga uliolainishwa kwa mguu wa fundi. Siku ya kufunga yote yalikuwa sawa. Walakini mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi cha chumbani uliachwa ukidondokea miguuni pa tofali la kushoto, na juu yake ukingo wa bati hauna mfereji, kwa hiyo masika ya kwanza yalipofika maji ya juu na maji ya pembeni yalikutana mahali pamoja, yakauchukua mchanga punje kwa punje, na tofali la kushoto likashuka kadiri ya vidole viwili ilhali la kulia limebaki palipo. Kisanduku kikainama. Bomba la shaba lililokuwa limepindwa kwa ulegevu likakazika kama kamba ya nguo, na kwenye nati yake ya shaba pakatokea doa jeusi lenye vumbi lililoganda. Doa hilo si uchafu wa njia. Ni mafuta ya kompresa yanayotoka pamoja na gesi, na fundi mwenye kuijua kazi yake akipaka povu la sabuni hapo ataona mapovu yakivimba. Wengi hawapaki povu. Huongeza gesi, hupokea ujira wao, na miezi michache baadaye huitwa tena kwa ugonjwa ule ule, maadamu kilichougua ni ardhi na aliyetibiwa ni mashine.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa jicho. Mafuta ya kulainishia kompresa hukaa chini, katika tumbo lake, na kompresa imetengenezwa kwa kudhani kwamba imesimama wima. Ikiinama kupita kiasi mafuta huegemea upande mmoja, na chuma husuguana na chuma. Wala hasara ya gesi inayovuja si ya mwenye nyumba peke yake. Gesi iitwayo R-410A, ambayo imejaa katika viyoyozi vingi vilivyofungwa miaka iliyopita, huipasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa iliyo ya uzito ule ule. Na kwa kuwa mashine ndogo ya chumbani hubeba gesi inayokaribia kilo moja, nati moja iliyolegea inaweza kuleta angani madhara ya tani mbili za hewa hiyo ya ukaa. Mataifa yalikutana Kigali mwezi wa Oktoba 2016 yakapatana kuzipunguza gesi za aina hii, na patano hilo limebeba jina la mji wa jirani zetu. Si insafu kwamba serikali zitie sahihi kwa wino mwingi, kisha raia tuivujishe gesi ile ile kwa sababu tulibania tofali.

Basi na tutazame njia zilizopo, moja baada ya moja. Wapo watakaosema kwamba suluhu imekwisha kupatikana, nayo ni kukitundika kisanduku ukutani kwa mabano ya chuma, mahali ambapo maji hayafiki na wezi wa shaba hawafiki kwa wepesi. Hoja hii ina haki yake. Mkazi wa ghorofa ya nne Upanga au Kisutu hana uwanja wa kumwaga zege, na kumwambia atafute ardhi ni kumfanyia stihizai. Lakini ukuta hupaswa kuulizwa kwanza kama unakubali. Ukuta wa tofali zilizofyatuliwa kwa kubania saruji hauishiki boliti. Huishika siku ya kwanza tu, kisha mtetemo huyageuza matundu kuwa unga. Mabano mengi yanayokuja pamoja na mashine ni chuma kilichopakwa rangi, na rangi hiyo hutobolewa na fundi mwenyewe anapokaza nati, na hapo kutu huanzia. Kilo 30 zikichoka kuning'inia juu ya njia ya watu, suala si la ufundi tena, ni la roho za watu. Anayelazimika kutundika, na atundike penye nguzo ya zege au ukuta imara, kwa mabano yaliyochovywa zinki au ya chuma kisichoshika kutu, kwa boliti za namna hiyo hiyo, na mpira mnene kati ya chuma na mashine. Kisha ayakague kila baada ya masika kama anavyokagua paa.

Miji yetu ya kale yataka hadhari zaidi. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene lakini si ngumu. Boliti inayotanuka ndani ya tundu hulivunja jiwe badala ya kulishika, na maji yanayodondoka hupenya katika chokaa na kuushusha udongo wa ndani. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na Zanzibar ina mamlaka ya kuuhifadhi mji huo tangu mwaka 1985. Lakini hata pasingekuwa na mamlaka wala urithi, akili peke yake ingetosha kumwambia mwenye nyumba kwamba ukuta uliostahimili kaskazi na kusi kwa karne nzima na zaidi haukujengwa kutikiswa na kompresa. Nyumba hizo nyingi zina ua wa ndani au uga wa nyuma, na kisanduku kikikalishwa huko chini, juu ya kitako chake, sura ya mji husalimika na ukuta husalimika.

Njia ya pili ni ya kigeni. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi hupozwa kwa mashine moja kubwa inayosimama bustanini, maduka huuza vitako vilivyo tayari: vingine ni vya plastiki ngumu, vyepesi kiasi cha kubebwa kwapani, na vingine vina moyo wa povu uliofunikwa ganda la saruji. Wenyewe wana sababu zao. Katika majimbo ya baridi ardhi huganda na kuvimba wakati wa kipupwe, na zege zito linaweza kunyanyuliwa na kupasuliwa, ilhali plastiki hufuata. Na katika Florida, nchi ya tufani, kisanduku hufungwa kwa mikanda ya chuma kwenye zege ili upepo usiondoke nacho. Kila mahali pameshona nguo kwa kimo chake. Kwetu ardhi haigandi. Taabu yetu ni mchanga na maji ya ghafula, na kitako chepesi kilicholazwa juu ya mchanga hakina uzito wa kubaki mahali pake maji yanapopita chini yake. Mwenye kukiona kitako cha plastiki dukani asikikatae kwa ugeni wake, lakini ajue kwamba kitu hicho hakiwezi kuwa bora kuliko ardhi iliyo chini yake, na kwamba kazi ya kuishindilia ardhi hiyo bado inamngoja.

Njia ya tatu ni paa la zege, desturi iliyoenea Mombasa, na zaidi Maskati, ambako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wana maskani. Huko juu pana hewa, na pana usalama. Lakini paa la zege huishi kwa ngozi yake ya kuzuia maji, na kila tundu la boliti ni mwaliko wa mvua. Hapo inafaa mashine ikae juu ya miguu mizito ya mpira au ya zege iliyolazwa tu bila ya kutobolewa, na mzigo uwekwe karibu na boriti au ukuta unaobeba, si katikati ya sakafu.

Nimezipitia njia hizo kwa haraka kwa sababu ninaitakidi kwamba kwa nyumba ya chini yenye uwanja, ambayo ndiyo nyumba ya watu wengi wa pwani, ipo njia ya nne inayozishinda zote, na hiyo ndiyo inayostahili kukaliwa kitako na kuelezwa. Ni bamba la zege lililomwagwa mahali pake. Kisanduku cha BTU 12,000 huwa na upana wa sentimeta 80 hivi na kina cha 30. Basi bamba la mita moja kwa nusu mita, lenye unene wa sentimeta 10, huacha nafasi ya kiganja kila upande. Kwanza huondolewa udongo wa juu wenye mizizi, kisha hujazwa kifusi au moramu, hunyunyizwa maji, na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Mbao nne hufanya fremu. Zege ni la uwiano unaojulikana na kila saidia fundi, ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na kazi nzima haimalizi hata nusu ya mfuko wa kilo 50. Theluthi yake yatosha. Bamba likikauka lina kilo 120 hivi, mara nne ya uzito wa mashine litakayoibeba, na humo ndimo nguvu yake ilimo, kwa kuwa kizito hakitikiswi na chepesi.

Mambo matatu hufanya tofauti kati ya bamba na bamba. La kwanza ni mchanga. Mchanga wa ufukweni ni wa karibu na ni wa bure, lakini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu daima. Nondo, boliti na miguu ya mashine huliwa kutoka chini bila ya mtu kujua. Utafutwe mchanga wa shimo au wa mto. La pili ni utengano. Bamba lisiungwe na msingi wa nyumba wala kugusa ukuta wake. Libaki mbali kadiri ya shibiri, kwanza ili mtetemo usipande ukutani na kuvuma kichwani pa aliyelala, pili ili likishuka lishuke peke yake bila ya kuipasua plasta, na tatu ili mgongo wa mashine upate nafasi ya sentimeta 30 ya kuvuta hewa. La tatu ni usawa na kimo. Pimamaji iwekwe kwa urefu na kwa upana kabla zege halijashika. Ukiachwa mwinamo, uwe wa sentimeta moja kwa mita, kuelekea nje, ili mvua isitulie juu yake. Maji hufuata mkondo, na mwenye nyumba asipoyachagulia mkondo yatajichagulia wenyewe. Uso wa bamba upite ardhi kwa sentimeta 10 walau, na juu yake kila mguu wa mashine upate pedi ya mpira. Penye historia ya mafuriko, kama zilivyo sehemu za bonde la Msimbazi zilizogharikishwa na mvua za Desemba 2011, kimo hakitafutwi kwa shibiri bali kwa alama ya maji iliyobaki ukutani, na kitako hunyanyuliwa juu ya alama hiyo kwa vijiguzo vya zege.

Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha shauri langu. Zege halina haraka. Likisha kumwagwa hutaka kufunikwa gunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na kwa siku hizo saba hupata takriban theluthi mbili za nguvu ambayo itatimia siku ya 28. Fundi wa kiyoyozi, kwa upande wake, ana alasiri moja, na nyumba nyingine inamngoja Kigamboni. Ukimwachia yeye jambo hili, hata akiwa mwaminifu na mjuzi, saa yake haimruhusu kuchagua kilicho bora. Atachagua kilichopo, na atakwambia kwa adabu, "Mzee, haya matofali mawili yanatosha, nyumba zote hizi tumefunga hivi," na hatakuwa amesema uwongo. Kwa hiyo si haki kumtupia lawama. Kosa ni la mpango, na mpango ni wa mwenye nyumba. Aliyemwaga bamba lake wiki moja kabla ya kwenda dukani ameshinda vita kabla ya kupigana.

Tena kitako hukata shauri la mahali, na mahali ni jambo la watu wawili. Kisanduku cha nje hupuliza hewa ya moto na huvuma. Kikielekezwa kwenye uchochoro mwembamba, joto lililoondolewa chumbani kwangu huingia chumbani kwa jirani, naye hufunga dirisha, kisha hulazimika kununua kiyoyozi chake, kinachonirudishia joto langu pamoja na lake. Desturi za pwani zilimpa jirani haki kubwa, na wazee walioijenga miji hii walijua kuiweka milango isitazamane. Adabu hiyo haikufutwa na umeme. Kabla fremu ya mbao haijapigiliwa, na aitwe jirani aonyeshwe. Ni rahisi kusogeza mbao kuliko kusogeza zege, na ni rahisi kusogeza zege kuliko kuondoa kinyongo.

Mahali pia huamuliwa na bahari. Kiyoyozi hakikubuniwa awali kwa raha ya binadamu: Willis Carrier alipoichora mashine yake mwaka 1902, aliichora kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, huko New York, ambako unyevu wa hewa uliifanya karatasi itanuke na kunywea hata rangi zikakosa kukutana. Mashine iliyozaliwa kupambana na unyevu ndiyo hii ambayo kwetu huliwa na unyevu wenye chumvi. Basi palipo na hiari, kitako kiwekwe upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, nyumba yenyewe ikiwa ngao, na kila mwezi mapezi na sinia la chini vioshwe kwa maji baridi ya bomba, pole pole, umeme ukiwa umezimwa. Kimo cha kitako husaidia hapa pia, kwa sababu kisanduku kilichoinuliwa huoshwa chini yake na majani hayalundikani, na mijusi, ambao hupenda joto la ubao wa umeme na mara kwa mara hufa juu yake na kuuunguza, hupata ugumu kidogo wa kupanda. Anayehofia wezi na azungushe kizimba cha nondo zilizo wazi. Mabati yaliyoziba ni kuinyima mashine pumzi, na mashine iliyonyimwa pumzi hulipiza kwa bili ya umeme.

Itasemwa kwamba haya yote ni gharama juu ya gharama, na kwamba aliyejibana mpaka akapata kiyoyozi hana cha kuongeza. Naijua dhiki hiyo, na siidharau. Lakini hesabu na ifanywe kwa mizani iliyo sawa: theluthi ya mfuko wa saruji, ndoo kadhaa za kokoto na mchanga, na ujira wa nusu siku wa saidia fundi, upande mmoja; na upande wa pili gesi inayoongezwa mwaka baada ya mwaka, bomba linalobadilishwa, na mwishowe kompresa, ambayo ikifa wengi huona afadhali kununua mashine mpya. Asiye na nafasi ya kumwaga zege anaweza kulinunua likiwa limekauka. Vijana wanaofyatua tofali na kumimina nguzo za uzio kando ya barabara zetu wana mchanga, wana kokoto, wana fremu na wana ujuzi. Kukosekana bamba la mita moja kwa nusu mita katika bidhaa zao kumetokana na sisi wanunuzi kutoliulizia. Wanaume wanne na mkokoteni watalifikisha popote.

Yapo mambo mawili ambayo ningependa yawe desturi. La kwanza, kila muuzaji anayetoa bei ya kiyoyozi pamoja na kufunga, aandike katika karatasi ya bei kisanduku cha nje kitakalia nini, kimo gani na umbali gani kutoka ukutani, kama anavyoandika mita za bomba atakazotoa; na mnunuzi asiyeona maneno hayo arudishe karatasi kabla ya kulipa. La pili lawahusu wanaojenga sasa. Siku ya kumwaga sakafu ya nyumba, mafundi wapo, mashine ya kukoroga inazunguka, na jioni hubaki zege la karai kadhaa ambalo hutupwa vichakani. Mwenye nyumba na aziandae mapema fremu zake nje ya madirisha ya vyumba vya kulala, kila moja mbali na msingi kadiri ya shibiri, hata kama hana leo wala kesho fedha za kiyoyozi. Zege la mabaki halitamgharimu kitu, na litamngoja bila ya kudai.